Kwa Mama Yake Bili

Kufikia Jumamosi asubuhi, polisi wa Dar es Salaam walikuwa wamekwisha kumtafuta Bili kila mahali ambapo Mzungu angeweza kukaa. Walimpata Bili mmoja katika karakana ya reli, fundi mwenye ndevu nyekundu, wakamuuliza habari za mama yake. Akawajibu kwamba mama yake yuko Uingereza, macho yake hayaoni tena, na hajapata kuiba kitu maishani mwake. Wakampata wa pili melini, lakini meli yake iliingia bandarini Ijumaa, na wizi ulifanyika Alhamisi. Bili wa tatu hakuonekana.

Sajini Zahoro bin Ghanim akaamua kuacha kumtafuta Bili. Akashuka kule mahabusu, akavuta kigoda, akaketi mbele ya karani wa ghala aliyekuwa amekaa sakafuni, shati lake jeupe limeshika vumbi la ukuta.

"Theophil, nieleze tena."

"Nimekwisha kueleza, Afande. Kwa Bwana Inspekta nimeeleza, kwako nimeeleza, na kwa huyu anayeleta maji nimeeleza."

"Bwana Inspekta alikuuliza ulifanya nini. Mimi nataka kujua uliambiwa nini. Neno kwa neno."

Theophil akashusha pumzi, akaanza upya. Siku ya Alhamisi mchana, simu ya ghala lao la Mtaa wa Kongo ililia. Ilikuwa sauti ya Mzungu, naye akadhani ni ya Bwana Whitcombe, mwenye mali, maana bwana huyo alikuwa na mazoea ya kupiga simu akiwa mjini na kutoa amri. Sauti ikamwamuru ayatoe yale marobota ya kanga mpya, ambayo wenye maduka wa Kariakoo walikuwa wakiyangojea kwa ajili ya Idi, ayapakie katika mkokoteni utakaofika sasa hivi. Mkokoteni ukafika. Marobota yakapakiwa. Jioni Bwana Whitcombe akaja mwenyewe, akauliza kanga ziko wapi.

"Na sheria ya ghala ni kwamba mzigo hautoki bila cheti."

"Ndiyo, Afande."

"Sasa mbona hukumuuliza yeye ni nani?"

Theophil akaitazama sare ya sajini. "Afande, wewe umevaa sare ya Serikali. Mzungu akikupigia simu akakwambia fanya hivi, wewe utamuuliza jina lake?"

Jibu walilijua wote wawili.

"Haya. Baada ya amri ya mzigo, akasema nini?"

"Akasema nifanye haraka." Theophil akakohoa kidogo, akayatamka kwa Kiingereza kama alivyoyasikia: "It's black over Bill's mother's. Kumetanda weusi kwa mama yake Bili. Nami nikasema ndiyo, bwana. Kisha akasema nikimaliza nitie ubao katika tundu. Nikasema ndiyo, bwana. Akakata simu."

"Ubao gani?"

"Sijui."

"Tundu gani?"

"Nililitafuta ghala zima, Afande. Nilihamisha hata magunia matupu."

Zahoro alitaka kucheka, lakini kupitia mlango uliokuwa wazi alimwona Euphrasia, mke wa Theophil, ameketi kwenye benchi la kituo na bakuli lililofunikwa kitambaa mapajani. Alikuwa pale pale jana. Alikuwa pale pale juzi usiku. Jumatatu mumewe angesimamishwa mbele ya hakimu, na Bwana Inspekta alikuwa amekwisha kusema atakachomwambia hakimu.

Alikuwa amekisema bila hasira, akijaza kiko chake. "Sajini, mimi ni Mwingereza. Nimezaliwa London, baba yangu kazaliwa London. Sijapata kusikia Mwingereza akisema maneno hayo. Whitcombe naye kwao ni kusini, karibu na bahari, hajapata kuyasikia. Tena Alhamisi hapo Kariakoo jua lilikuwa kali. Weusi gani? Hakuna simu iliyopigwa. Karani amegawana mzigo na wenzake, halafu akabuni, na amebuni vibaya."

Hapo kwenye kubuni vibaya ndipo Zahoro alipokwama. Alikuwa amewasikiliza waongo wengi katika kazi yake, na wote walibuni mambo ya kusadikika. Mwongo angesema bwana aliamuru kwa ukali, basi. Asingeweka mama wa mtu ndani yake, wala asingejipa kazi ya kutafuta tundu.

Alipotoka nje akamwita askari wa zamu aliyekuwa kivulini. "Wewe, ndoo hapa."

Askari akaja anacheka. "Niilete na maji, Afande, au tupu?"

"Utacheka mpaka lini?"

"Mpaka useme njoo kama sisi. Umeoa hapa, umezaa hapa, na ulimi bado uko Mombasa. Mtu hana haja ya kukuuliza kwenu."

Zahoro alikuwa amekwisha kukanyaga ngazi ya mwisho. Akasimama. Ilikuwa kweli: akifungua kinywa chake dukani, muuzaji humuuliza habari za Mvita kabla hajaambiwa jina. Mtu wa Unguja naye hujulikana, wa Lamu hujulikana, wa Pangani hujulikana, na wote lugha yao ni moja. Bwana Inspekta alisema Mwingereza hasemi hivyo. Lakini yeye ni Mwingereza wa mji mmoja tu.

Akageuza njia, akakata Mnazi Mmoja kwa miguu, akaenda sokoni.

* * *

Kwenye ukuta wa soko la Kariakoo, upande wenye kivuli asubuhi, muuza kahawa alikuwa na benchi lake refu, na benchi hilo lilikuwa la wapishi. Wapishi wa Wazungu walikuja kununua mboga mapema, kisha, kabla ya kurudi kwa mabwana zao, walikaa hapo na vikapu katikati ya miguu, wakanywa kahawa na kuwasema. Nyumba za Uzunguni zilifungwa madirisha na kuwekewa nyavu za mbu, lakini hakuna kilichosemwa mezani usiku ambacho hakikufika kwenye benchi lile asubuhi.

"Asalaam aleikum," alisema Zahoro. "Nina swali, nalo si la kipolisi."

"Waaleikum salaam," akajibu Fikirini, mpishi mnene aliyefanya kazi kwa daktari. "Swali la polisi lisilo la kipolisi ni kama paka kuuliza bei ya samaki. Kaa, Bwana Sajini."

Akakaa, akapewa kikombe. "Mvua ikitaka kunyesha, bwana wako husemaje?"

Wakatazamana. Kisha Fikirini akasema daktari wake ni Mwairishi, naye mvua hata imloweshe mpaka mifupa, husema leo ni siku laini. "Laini. Viatu vinatema maji, na yeye anasema laini."

"Huyo ana adabu," akasema Eliakimu, mzee mwembamba aliyevaa kofia ya bwana wake wa zamani. "Wangu ni Mskoti. Hutazama nje, akasema drikhi. Unaitoa kooni kama unayetaka kutema. Drikhi ni mvua, ni ukungu, ni baridi, ni huzuni, vyote ndani ya neno moja. Kabla yake nilikuwa kwa Mwelshi. Yeye alisema mbinguni wanaanguka vikongwe na fimbo zao."

"Unatudanganya."

"Muulize aliyekuwa dobi wetu. Alikimbia kuingiza nguo."

"Mimi nilipokuwa kwa bibi wa London," alisema Fikirini, "mvua kubwa ilikuwa paka na mbwa. Nikamuuliza, bibi, kwa nini paka na mbwa? Akasema zamani kwao wanyama walilala juu ya mapaa ya nyasi, mvua ikinyesha wanateleza. Nikamwambia, basi mbwa wa kwenu wana kucha za kenge. Hakunijibu siku nzima."

Wakacheka, kisha ukazuka ubishi: Kiingereza cha nani ndicho chenyewe. Fikirini alisema cha London, kwa kuwa ndiko aliko mfalme. Eliakimu alisema Mskoti wake ndiye aliyejenga madaraja, na wale wa London waliyapita tu. Zahoro akawaacha mpaka wakapungua pumzi.

"Na yupi kati yao angesema kumetanda weusi kwa mama yake Bili?"

Fikirini akatikisa kichwa. Eliakimu akavua kofia, akajikuna, akasema hapana, hilo hajalisikia kokote.

"Nani kawapa maneno hayo?"

Sauti ilitoka nyuma yao. Alikuwa Bi Candida, yaya aliyelea watoto wa Wazungu katika mji ule tangu enzi ya Wajerumani, mwanamke mrefu mwenye mvi zilizochungulia chini ya kilemba. Alikuwa ameshika fungu la mchicha, na uso wake ulikuwa umechangamka kama wa mtu aliyeitwa na jamaa yake asiyemtarajia.

Zahoro akasimama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hayo ni maneno ya marehemu Bwana Orton, yule fundi wa pampu za maji, nyumba yake ile ya karibu na Magogoni. Nimekaa kwake mpaka alipokufa kwa homa mwaka jana. Kwao ni katikati kabisa ya Uingereza, mji wa kufuma soksi, bahari iko mbali pande zote. Watu wa huko hawasemi mvua inakuja. Wanasema weusi umetanda kwa mama yake Bili."

"Na Bili ni nani?"

"Hata yeye hakumjua." Candida akaketi, akaweka mchicha kikapuni. "Siku moja mgeni alimwambia Bili ni yule mfalme wa Wajerumani waliyepigana naye, mawingu yanatoka kwake. Bwana akacheka. Akasema mama yake mzazi alikuwa akisema hivyo jikoni, akichungulia dirishani, kabla hawajamjua mfalme huyo wala vita vyake. Tangu tulipomzika sijayasikia maneno hayo. Nayasikia leo, kwa Kiswahili, sokoni."

Muuza kahawa akamtilia kikombe, hakumdai.

"Na mtu akisema tia ubao katika tundu?" aliuliza Zahoro polepole.

Candida akatabasamu. "Ni kufunga mlango. Tundu ni mlango wenyewe, ubao ni ule wa kulizibia. Ndio uliokuwa wimbo wa nyumba ile kila magharibi, akimwambia boi wake. Seifu, tia ubao katika tundu, mbu wanaingia. Seifu, tia ubao..."

Kikombe kikasimama njiani. Akakishusha bila kunywa.

Wapishi wakaanza kushughulika na vikapu vyao, kila mmoja akiwa amekumbuka kwamba nyama inaharibika. Walipobaki wawili na muuza kahawa, Candida akauliza, "Unauliza kwa sababu gani, mwanangu?"

Zahoro angeweza kumdanganya. Ilikuwa sehemu ya kazi yake, na aliifanya vizuri. Lakini alimweleza yote: simu, kanga, karani. "Jumatatu anapelekwa kwa hakimu. Mkewe analeta chakula, na mume hali. Wanasema amebuni maneno yale, kwa kuwa hakuna Mzungu ayasemaye."

Candida akautoa mchicha kikapuni, akaurudisha.

"Mvua ya Alhamisi," akasema muuza kahawa, ambaye hakuwa ameulizwa, "haikufika huku. Iliishia Kigamboni na Magogoni. Dada yangu anakaa kule, kuni zake zote zililowa."

"Seifu alikuja kwetu hajaota ndevu," Candida akasema hatimaye. "Kiingereza chote alichonacho alikipata kwa bwana, akisimama nyuma ya kiti chake. Alikuwa akimwigiza jikoni, mpishi wetu anaangua kicheko mpaka anaunguza mkate. Ungefumba macho usingejua yupi bwana. Sasa yuko kwa wale mawakala wa meli, anawachemshia chai." Akanyanyuka, akakitia kikapu mkononi. "Nyumba ya bwana haijapata mpangaji. Ufunguo anao yeye. Usinieleze kitakachotokea, Sajini. Nitasikia."

* * *

Ofisi ya mawakala wa meli ilikuwa kimya. Wazungu walikuwa wamekwenda kula, na makarani wamekwenda msikitini au kulala. Zahoro alikuwa amechagua saa hiyo makusudi: Theophil alipigiwa simu wakati kama huo. Akamwacha askari mlangoni, akaingia peke yake.

Simu ilikuwa ukutani, kwenye ujia, kando ya dirisha. Zahoro akasimama mahali ambapo mpigaji angesimama, akaweka mkono mahali ambapo angeuweka. Macho yakaenda yenyewe nje. Mbele yake palikuwa na mlango wa bandari, kivuko cha Magogoni, na ng'ambo minazi ya Kigamboni. Juu ya minazi ile mawingu yalikuwa yakianza kukusanyika, meusi kwa chini. Kutoka Mtaa wa Kongo hakuna ambaye angeyaona.

"Wamekwenda kula, Afande," ilisema sauti nyuma yake. "Ukipenda, ngoja. Nikuletee chai?"

Seifu alikuwa kijana wa miaka ipatayo thelathini, kanzu yake nyeupe imepigwa pasi ikasimama. Alishika sinia kwa vidole vitatu, kama walivyofundishwa watumishi wa nyumba kubwa.

"Sikuwafuata wao. Nimekuja kuchukua ufunguo wa nyumba ya marehemu Bwana Orton."

"Kuna nini?"

"Nataka kuona kama mlango wake umefungwa sawasawa. Nimeambiwa wewe ulifundishwa vizuri kutia ubao katika tundu."

Sinia halikuanguka. Seifu aliliweka juu ya meza, akavisogeza vikombe vikae mstari mmoja, kisha akaketi kwenye kiti cha wageni, ambacho Zahoro alifikiri hajapata kukikalia.

"Mkokoteni ndio uliosema?"

"Msukuma mkokoteni hatujampata. Wewe ndiye uliyesema."

"Mimi niliongea na mtu mmoja tu, na nilisema naye Kizungu kitupu." Seifu aliongea kwa kiburi kidogo, hata sasa. "Yule karani alisema ndiyo, bwana, ndiyo, bwana. Hakusita hata mara moja. Niambie nilikosea neno gani. Hata Bwana Whitcombe mwenyewe angekaa kwenye ile simu asingeona kosa."

"Hukukosea hata neno moja."

"Sasa?"

"Uliongea kama Bwana Orton. Bwana Whitcombe hasemi hivyo. Inspekta wangu hasemi hivyo. Nimeuliza Kariakoo nzima, na wapishi wanaojua kila Mzungu anachokisema akikatwa na wembe hawajapata kuyasikia maneno yako. Mji mzima huu Mzungu aliyesema kumetanda weusi kwa mama yake Bili alikuwa mmoja, naye yuko makaburini."

Seifu akamtazama.

"Kumbe wenzake hawasemi hivyo?"

"Hawasemi."

"Mimi nilidhani ndicho Kiingereza." Akageuka akalitazama dirisha. "Tena sikupanga kulisema neno lile. Niliyapanga mengine yote, tangu nilipowasikia hapa wakiutaja mzigo wa kanga. Nilichungulia hapo nikaona wingu, nikafikiri marobota yako wazi kwenye mkokoteni, rangi itachuja. Likanitoka. Yeye alikuwa akilisema hivyo hivyo, mkono dirishani." Akaligeuzia dirisha mgongo. "Miaka yote ile nikajifunza, Afande. Alipokufa nikaja hapa nikawaambia najua Kiingereza, nipeni kazi ya ukarani. Wakanisikiliza, wakacheka, wakasema ajabu, anaongea kama mtu wa viwandani. Wakanionyesha birika. Sikuelewa walicheka nini."

"Na karani? Ulimfikiria?"

Seifu akakigeuza kikombe kimoja juu ya sinia. "Nilifikiri watamfukuza tu. Sikujua wangemfunga."

Akaingiza mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa ufunguo mkubwa wa shaba, akaupangusa kwa kiganja kabla ya kuutoa.

Nyumba ya Bwana Orton ilikuwa imefagiliwa. Viti vilifunikwa mashuka, na kila mlango wa ndani ulikuwa umefungwa barabara. Marobota yalikuwa chumba cha kulia, yamepangwa juu ya mbao ili yasipate unyevu kutoka sakafuni. Hakuna lililofunguliwa.

* * *

Bwana Inspekta alisikiliza taarifa yote, kiko chake kikimzimikia mkononi. Alimtaka Zahoro ayarudie maneno yale, akayarudia. Kisha akakiweka kiko mezani.

"Mke wangu kwao ni kaskazini," akasema. "Mwaka wa kwanza nilikuwa nikimuuliza maana kila siku. Ningepaswa kukumbuka." Akachukua kalamu, akatia saini, akaisukuma karatasi upande wa pili wa meza. "Mfungue karani kabla sijaanza kazi nyingine."

Zahoro akamfungua mwenyewe. Theophil akatoka akiwa ameshika viatu mkononi, akasimama mbele ya benchi, na Euphrasia akanyanyuka na bakuli lake. Hawakukumbatiana, maana watu walikuwa wengi. Mke alimkung'uta vumbi la ukuta mgongoni kwa kiganja, akakung'uta tena mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

Nje wingu lilikuwa limevuka bandari na kufika mjini, na matone ya kwanza yalikuwa yakipiga bati la kibanda cha zamu.

"Twende upesi, baba, tutalowa," alisema Euphrasia.

Theophil alifika ngazini akageuka. "Afande. Na lile tundu?"

"Ni mlango. Alikwambia ukimaliza ufunge mlango."

Karani akasimama hapo akifikiri, mvua ikianza kumwingia begani.

"Niliufunga," akasema. "Ghala lilikuwa tupu, nami niliufunga kwa kufuli mbili."